Maji ya Ziada kwenye Trela la Kambi: Yanapogoma, Yanapopotea na Yanapoharibika

Mtu akiniambia kambini kwamba maji yamemwishia, na bomba la karibu liko mwendo wa saa mbili, kitu cha kwanza ninachofanya ni kwenda kugonga tangi lake kwa kiganja. Mara nyingi maji yamo. Pampu inavuta hewa, au kifuniko cha dumu kimebana mno, na yeye keshaanza kufunga hema arudi nyumbani. Mara nyingine tangi ni tupu kweli, ila hakuna aliyelitumia. Maji yalimwagika njiani bila mtu kujua. Na kuna siku maji yamo na yanatoka vizuri, lakini yana harufu inayomfanya kila mtu aweke kikombe chini.

Kwa hiyo kabla ya kugusa spana, jiulize: maji yako wapi sasa hivi? Yamo tangini lakini hayafiki bombani? Hayamo kabisa? Au yanafika, ila hayanyweki? Ukishajibu, nusu ya sababu zinaondoka zenyewe. Ukiruka swali hili utafungua pampu nzima, upoteze skrubu mbili kwenye nyasi, kisha ugundue kwamba koki ya tangi ilikuwa imefungwa.

Nitaongelea mpangilio wa kawaida: tangi la trela, madumu ya lita 20 au mfuko laini wa maji kama akiba, na pampu ndogo ya volti 12. Kwa mpangilio wowote, nashikilia sharti moja: maji yote yasikae kwenye chombo kimoja. Angalau dumu moja la kunywa libaki limefungwa, lisiunganishwe na kitu chochote. Kila tatizo lililoelezwa hapa chini linavumilika kama dumu hilo lipo.

Pampu inaunguruma, maji hayatoki

Hili ndilo linalowasumbua watu kuliko yote, na karibu kila mara kosa liko upande wa kuvuta, yaani kati ya tangi na pampu. Pampu za trela nyingi ni za kiwambo: zina ngozi ya mpira inayopanda na kushuka. Zinaweza kujivutia maji zenyewe kutoka chini yake, lakini zikipata hata tundu dogo la hewa kwenye njia ya kuvuta, zinavuta hewa kwa sababu hewa ni nyepesi kuliko maji. Tundu hilo halivuji maji nje, na ndiyo maana watu hawalioni. Wanakagua sakafu, sakafu ni kavu, wanahitimisha kwamba pampu imekufa.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni hiki. Chomoa mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye pampu. Unganisha kipande kifupi cha mpira mwingine mzima, tumbukiza ncha yake kwenye ndoo ya maji iliyo karibu, kisha washa pampu ukiwa umefungua bomba moja la sinki. Ikivuta vizuri kutoka kwenye ndoo, pampu ni nzima, na kasoro iko nyuma yake: mpira, klipu, chujio, koki au tangi lenyewe. Isipovuta hata kutoka kwenye ndoo, sasa una haki ya kuishuku pampu.

Kama kasoro iko nyuma, anza na chujio dogo ambalo maji hupita kabla ya kuingia kwenye pampu. Bakuli lake la plastiki hufungwa kwa mkono na lina washa ya mpira ndani. Washa ikikauka, ikijikunja au ikisahaulika wakati wa kusafisha, hewa inapita hapo. Nimeona machujio mengi yaliyosafishwa vizuri sana kisha yakafungwa bila washa. Ipake maji, irudishe mahali pake, kaza kwa mkono tu. Ukikaza kwa koleo bakuli linapasuka na umejiongezea tatizo. Baada ya hapo kagua klipu za mpira. Mpira ukikaa miaka unakuwa mgumu, na klipu iliyokuwa inabana zamani sasa imelegea. Kata sentimita mbili za ncha iliyochoka, ichomeke upya.

Kuna koki nyingine watu huisahau. Trela nyingi zina vali ya njia tatu karibu na pampu, iliyowekwa ili kuvuta dawa ya kuzuia kuganda wakati wa baridi. Ikiwa imegeuzwa upande huo, pampu inavuta kutoka kwenye mpira mfupi unaoning'inia hewani badala ya tangini. Igeuze tu, tatizo limekwisha. Lakini mpira huohuo ni zawadi kwa anayebeba madumu: tumbukiza ncha yake kwenye dumu, na pampu italeta maji ya dumu moja kwa moja kwenye mabomba ya trela bila kunyanyua kilo 20 hadi usawa wa kifua. Hakikisha tu mpira huo ni safi na ni wa maji ya kunywa.

Ukivuta kutoka kwenye dumu, acha kifuniko chake wazi kidogo. Dumu lililofungwa kabisa linabonyea, pampu inalemewa, maji yanapungua hadi yanakata. Ukiona dumu limekunja mbavu, usihangaike na kitu kingine.

Pampu haifanyi sauti yoyote, au inasinzia

Kimya kabisa ni umeme: fyuzi, swichi, au waya uliochomoka kwa mtikisiko. Weka fyuzi mpya ya kiwango kilekile. Ikiungua tena mara moja, usiongeze ukubwa wa fyuzi hata kama iko mfukoni. Kuna waya uliochunika au pampu iliyokwama, na fyuzi kubwa itahamishia moto kwenye waya.

Pampu inayozunguka polepole inahitaji kipimo cha volti, na kipimo kifanyike pampu ikiwa inafanya kazi. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, ikisoma 12.0 imekaribia kwisha. Pima kwenye betri, kisha pima kwenye nyaya palepale zinapoingia pampuni. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani, kwa kawaida kwenye kiungo chenye kutu au waya mwembamba uliorefushwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Pampu inajiwasha usiku hakuna aliyefungua bomba

Pampu hujizima presha ikifika kiwango chake na kujiwasha presha ikishuka. Ikinguruma kwa sekunde moja kila baada ya dakika kadhaa, presha inashuka mahali fulani. Ama maji yanavuja upande wa mbele wa pampu, ama vali ya njia moja iliyo ndani ya pampu haibani na maji yanarudi tangini.

Kutofautisha ni rahisi. Pitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo: sinki, bafu, nyuma ya hita ya maji, choo. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakihisi. Usisahau mdomo wa nje unaotumika kuunganisha bomba la mjini, kwa sababu nao una vali yake ndogo, na ikichoka pampu inasukuma maji ya tangi lako nje ukutani. Karatasi ikibaki kavu kila mahali, shuku vali ya pampu. Uchafu mdogo chini ya vali hiyo unatosha. Mara nyingine kufungua mabomba yote na kuiacha pampu ikimbie dakika mbili huuondoa. Usipotoka, badilisha kichwa cha pampu.

Mpaka ulitatue, zima swichi ya pampu kila unapolala na kila unapoondoka kambini. Kiungo kikifunguka ukiwa matembezini, pampu iliyowashwa itamwaga tangi zima sakafuni.

Uliondoka na tangi limejaa, umefika na nusu

Hapa kuna sababu nne, na mbili kati yake si upotevu wa kweli.

Ya kwanza ni hita. Hita nyingi za trela zenye tangi hubeba lita 20 hivi. Kama ulijaza tangi kuu hita ikiwa tupu, pampu ilipowashwa mara ya kwanza ilijaza hita kwanza. Maji hayajapotea, yamehama. Unaweza hata kuyategemea kama akiba ya mwisho ya kuoshea, kwa kuyatoa kupitia koki ya chini ya hita ikiwa imezimwa na imepoa.

Ya pili ni geji. Geji za taa nne, yaani tupu, theluthi, theluthi mbili na kujaa, haziwezi kukuambia ukweli mdogo. Kwa tangi la lita 120, taa ya theluthi inaweza kumaanisha lita 40 au lita 79. Trela likiegemea upande, sensa zilizo ubavuni husoma mteremko. Utando wa chumvi ukiganda kwenye sensa, geji inasema limejaa hata likiwa tupu. Lisawazishe trela kwa pima maji ndipo usome, na usifanye uamuzi wa safari kwa kutegemea geji peke yake.

Ya tatu ndiyo mwizi halisi: maji kujivuta kupitia mrija wa hewa au wa kufurikia. Tangi lina mrija unaoruhusu hewa kutoka wakati wa kujaza, na mara nyingi unashuka chini ya sakafu. Ukifunga breki au ukipanda kilima, maji ya tangi lililojaa hukimbilia kwenye mdomo wa mrija huo. Yakishaujaza na kuanza kushuka, yanavuta mengine nyuma yake, na hayakomi hadi usawa wa maji tangini ushuke chini ya mdomo wa mrija. Kama mdomo huo uko juu kabisa ya tangi, hasara ni ndogo, ingawa kila mtikiso unaweza kuianzisha upya. Kama uko ubavuni, makumi ya lita yanaweza kwenda. Dalili yake ni mstari wa maji ulionyooka barabarani nyuma yako baada ya kusimama, na sehemu ya chini ya trela iliyolowa upande mmoja tu.

Dawa ni kuuinua mrija huo ndani ya trela ufanye upinde ulio juu kuliko dari ya tangi kabla haujashuka, au kuuwekea koki unayoifunga ukisafiri. Ukichagua koki, andika kwa herufi kubwa juu ya swichi ya pampu kwamba ifunguliwe ukifika. Pampu ikivuta maji kwenye tangi lisiloingiza hewa, kuta za tangi zinavutwa ndani na viungo vyake vinaweza kuachia.

Ya nne ni koki ya kumwagia iliyo chini ya tangi. Inaning'inia karibu na barabara na jiwe moja linatosha kuigeuza. Ifunge kwa waya au weka kizibo cha skrubu mbele yake.

Tangi halikubali kujaa, maji yanakurudia usoni

Hewa haina pa kutokea. Mrija wa hewa umekunjika, au wadudu wamejenga ndani yake. Nyigu wa udongo hupenda sana matundu ya ukubwa huo. Uzibue kwa waya laini, kisha mdomo wake uvishe wavu mwembamba. Kama mrija uko wazi, angalia mpira wa kujazia: ukiwa na tumbo mahali unaposhuka kisha kupanda, maji hukaa hapo na kuziba njia.

Wakati unatafuta chanzo, jaza polepole kwa mpira mwembamba unaoingia ndani kabisa, ukiacha nafasi pembeni yake hewa ipite.

Kuhamisha maji ya dumu kwenda tangini kunachosha au hakwendi

Maji yanayoshuka kwa uzito wake yanategemea kimo. Mita moja ya kimo inakupa takriban sehemu moja ya kumi ya presha ya hewa inayotuzunguka, na hiyo ni nguvu ndogo. Dumu likiwa sawasawa na mdomo wa tangi, maji hayaendi popote hata ukiyabembeleza. Linyanyue, tumia mpira mnene zaidi, ufupishe, na usiuache ukipanda na kushuka njiani.

Kama mgongo hauruhusu, nunua pampu ndogo ya kuzamisha ya volti 12 inayopita kwenye mdomo wa dumu, iwe ya maji ya kunywa na isiwahi kugusa mafuta. Binafsi naona ni kifaa chenye thamani kuliko vifaa vingi vya kambi, kwa sababu watu huumia mgongo kwenye dumu la tatu, pale uchovu unapoanza na tahadhari inapungua.

Trela linayumba tangu ulipoongeza maji

Hapa naomba usome taratibu. Matatizo mengine yanakuharibia wikendi, hili linaua.

Lita moja ni kilo moja. Lita 100 ni kilo 100, kabla ya kuhesabu chombo. Na swali la pili baada ya uzito ni mahali ulipowekwa. Pua ya trela, yaani ncha yake ya mbele inayoungwa na gari, inatakiwa kukandamiza kiungo cha gari kwa kiasi fulani. Miongozo ya Marekani kwa kawaida hutaja asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, na ya Ulaya asilimia 5 hadi 7. Kipimo chako halali ni kile kilichoandikwa kwenye vitabu vya gari lako na trela lako. Uzito wa pua ukipungua, trela linaanza kutikisa mkia, na mwendo ukiongezeka mtikiso unajilisha wenyewe.

Tufanye hesabu. Trela lina kilo 1,200 na pua yake ina kilo 90, yaani asilimia 7.5. Kutoka kwenye ekseli hadi kwenye kiungo ni mita 4. Umefunga tangi la ziada la lita 100 nyuma, mita 1.5 kutoka kwenye ekseli. Zidisha 100 kwa 1.5, gawa kwa 4: umeondoa kilo 37.5 kwenye pua. Sasa trela lina kilo 1,300 na pua ina 52.5, yaani asilimia 4 tu. Hukuhisi kitu ulipolifunga. Utahisi lori likikupita kwenye mteremko.

Ndiyo sababu rafu ya nyuma ya bampa, inayoonekana kama imetengenezwa kwa ajili ya madumu, ni mahali pabaya kuliko pote. Weka maji chini kabisa, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, yamefungwa kwa mikanda ya mizigo. Usiyaweke juu ya paa. Yanainua kitovu cha uzito na paa lina kikomo chake. Ukiyaweka kwenye gari badala ya trela, kumbuka kwamba uzito huo pamoja na uzito wa pua vyote vinalibebesha gari, tairi zake za nyuma hasa. Na dumu lililoachwa huru ndani ya gari, breki za ghafla zikifungwa, linakuja mbele likiwa na kilo zake 20.

Kama kuyumba kunatokea tangi likiwa nusu tu, tatizo ni maji kukimbia huku na huku. Tangi pana lisilo na kuta za kugawa ndani lisafirishwe limejaa au tupu. Mfuko laini una tabia hiyohiyo: ukiwa nusu unabingirika. Bana hewa yote nje, ufunge kwa mikanda mipana, na chini yake tandika zulia nene, kwa sababu kichwa kimoja cha skrubu kikiusugua safari nzima kitautoboa.

Pima pua kwa mizani kabla ya kuondoka, na angalau mara moja pitisha trela lililopakiwa kamili kwenye mizani ya magari. Uzito jumla, uzito wa ekseli na presha ya tairi vyote vibaki ndani ya kikomo. Angalia pia kama mtengenezaji anaruhusu tangi la trela kusafiri limejaa. Baadhi ya vishikio vya chini ya matangi havikukusudiwa kubeba uzito huo kwenye barabara mbovu, na sakafu iliyolegea chini ya tangi ni ishara ya kuacha mara moja.

Ukishikwa na mtikiso barabarani: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu, usiongeze mwendo. Kama una breki za trela zinazoendeshwa kwa mkono, bana hizo peke yake taratibu. Kisha simama mahali salama na uhamishe au umwage maji. Usijiambie kwamba ulikuwa upepo.

Maji yana harufu au ladha

Fungua bomba la baridi na la moto kila moja peke yake, unuse. Harufu ya mayai viza kwenye maji ya moto tu inatoka kwenye hita: bakteria fulani, wakikutana na fimbo ya magnesi iliyowekwa kuzuia kutu, hutoa gesi hiyo. Zima hita, iache ipoe, toa presha, mwaga, isafishe kwa klorini kama ilivyoelezwa hapa chini, na fimbo ikiwa imeliwa ibadilishe.

Harufu hiyo ikiwa kwenye mabomba yote mawili, tangi lenyewe au maji uliyojaza ndiyo chanzo. Ladha ya plastiki hutoka kwenye mpira wa bustani au chombo kipya. Tumia mpira uliotengenezwa kwa maji ya kunywa, na chombo kipya kijaze, kiache usiku kucha, mwaga, rudia. Utelezi wa kijani ni mwani, nao unahitaji mwanga: dumu linalopitisha mwanga lifunike kwa kitambaa cheusi. Maji meupe kama maziwa yanayosafika kwenye glasi kuanzia chini kwenda juu ni hewa tu, kunywa bila wasiwasi. Ladha ya petroli haina tiba. Dumu lililowahi kubeba mafuta halirudi kuwa la maji, hata ulioshe mara ngapi.

Kusafisha tangi, tumia klorini ya maji ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya takriban asilimia 5. Mililita 1 kwa kila lita ya ujazo wa tangi. Tangi la lita 100 linahitaji mililita 100. Ichanganye kwenye ndoo ya maji kwanza, imimine, jaza tangi, fungua kila bomba moja baada ya jingine hadi unuse klorini, kisha acha saa nne au zaidi. Toa vichujio vya mkaa kabla ya kuanza. Mwaga yote, jaza maji safi na mwaga tena hadi harufu iishe. Usichanganye klorini na siki wala chochote chenye amonia, wala usitie kimoja mara baada ya kingine bila kusuuza; gesi inayotokea ni sumu.

Watu wengi huchuja maji kwa mkaa wakati wa kujaza tangi. Naona ni kosa. Mkaa huondoa klorini, na klorini ndiyo inayoyalinda maji yakikaa siku tano kwenye tangi la joto. Jaza yakiwa na klorini yake, weka kichujio cha mkaa kwenye bomba la kunywea.

Ukilazimika kujaza maji usiyoyaamini, yachuje kwa kitambaa, kisha matone 2 ya klorini hiyohiyo kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Dumu la lita 20 ni matone 40. Yakiwa bado na ukungu, ongeza mara mbili. Vimelea vingine, kama kriptosporidiamu, havifi kwa klorini. Kwa hivyo kuchemsha ndiyo njia ya uhakika: dakika 1 ya kutokota kwelikweli, dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Maji yenye kemikali au mafuta usiyachemshe ukitumaini yatapona.

Baridi

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Acha sehemu ya kumi ya dumu tupu. Usiku wa baridi kali mwaga mipira ya nje na uiache pampu ivute hewa kidogo bomba likiwa wazi, ili maji yasigande ndani ya kichwa chake. Dumu la kunywa lilale ndani nawe.

Hakuna kilichovuja, lakini maji yanaisha siku moja kabla

Basi ni matumizi, na hesabu iliyofanywa kwa kukisia. Kwa kambi ya kubana mimi huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku, kati yake 4 za kunywa, zaidi kwenye joto kali. Watu wawili kwa siku nne ni lita 120: tangi la 100 na dumu moja, pamoja na dumu la akiba lisilohesabiwa.

Anayemaliza maji ni bafu. Kichwa cha lita 6 kwa dakika, mtu akikaa dakika tano, ni lita 30, yaani mgao wa siku mbili wa mtu mmoja. Lowa, funga, jipake sabuni, suuza: maji yasikimbie zaidi ya dakika mbili. Maji ya baridi yanayotangulia ya moto yakinge kwenye jagi. Mpira wa upana wa ndani wa milimita 13 una karibu lita 0.13 kwa kila mita, na kila unapoyasubiri unayamwaga yote. Bomba linalodondosha tone moja kwa sekunde hupoteza matone 86,400 kwa siku. Hata kwa matone 20 madogo kwa mililita, hiyo ni zaidi ya lita 4, kinywaji cha mtu mzima kwa siku nzima.

Ukirudi nyumbani, tangi likiwa tupu na trela limesawazishwa, lijaze kwa dumu la lita 20 moja moja. Kila dumu likiingia, weka alama ya wino kwenye ukuta wa tangi pale maji yalipofika, au kwenye kipande cha mpira angavu kilichounganishwa chini yake na kusimamishwa wima. Safari ijayo soma alama hizo kila asubuhi kabla mtu hajafungua bomba, na uandike tarakimu yake. Siku ya pili tu utajua kama maji yatafika siku ya nne.